Kengele na Kiganja

Mtu akitaka kubishana nami kuhusu mwanafunzi wa winchi aanze na somo gani, mashine au alama, kwanza aingie ndani ya ndoo. Akitoka mzima nitamsikiliza. Kelele za watu wa juu nilizisikia za kutosha mwaka ule wa hamsini na mbili, nikiwa nimening'inia kwenye kamba ya waya katika mgodi wetu mdogo, upande wa magharibi wa Geita.

Mimi ni Mabula, mtu wa Kahama. Kazi yangu ilikuwa chini kabisa ya shimo, na shimo lenyewe lilikuwa bado linachimbwa kwenda chini. Tulitoboa mwamba, tukajaza baruti kwenye matundu, tukawasha tambi, kisha tukarukia ndani ya ndoo ya chuma, na winchi ya mvuke ikatuvuta juu kabla mwamba haujalipuka. Ngazi haikufika chini kwa sababu kila mlipuko uliivunja. Kwa hiyo ukishawasha utambi, uhai wako uko mikononi mwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha winchi, mtu ambaye humwoni wala hakuoni.

Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Thobias, Mzinza wa Nkome, mwenye mabega mapana na ulimi mchafu. Aliendesha winchi kwa kiganja. Mkono wake ukiwa juu ya mpini wa breki, alijua kama ndoo imebeba mawe au watu, kama watu hao wamekaa sawasawa au wanasukumana. Mara moja mwenzetu alizimia ndooni, Thobias akapunguza mwendo kabla hatujapiga kelele. Nilimpenda kwa hilo, ingawa kwa mengine yote alikuwa mshenzi.

Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Bwana meneja akasema kufikia mwisho wa mwezi kiti kiwe na mtu mwingine, na mtu mwenyewe akawa Donatus, mume wa mdogo wangu Paskazia. Donatus alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mpole, aliyepaka mashine grisi kwa miaka mingi. Nilifurahi. Nilidhani kuwa na shemeji juu ya shimo ni bahati.

Pamoja na hilo, meneja akaleta kengele mpya na mtu wa kuifundisha. Huyo alikuwa Bashiri, mtoto wa mjini, wa Ngokolo kule Shinyanga, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka vita vya Burma na cheo cha mpiga simu. Alivaa soksi ndefu hata kwenye vumbi. Waya wa kengele uliteremka shimoni mpaka chini, nasi tulioko ndooni tungeweza kuuvuta popote tulipo. Kengele moja, simamisha. Mbili, shusha. Tatu, pandisha. Nne, tunataka kuwasha baruti. Bashiri aliziandika kwa chokaa mlangoni na kusema kwamba kuanzia siku hiyo winchi haitaendeshwa tena kwa uganga.

Neno hilo Thobias hakulisamehe.

Asubuhi Thobias alimfundisha Donatus mashine. Alimfunga kitambaa machoni, akaweka kiganja chake kwenye breki na kumwambia, "Sikia! Kamba yenye mawe inatetemeka hivi. Yenye watu, hivi."

"Hivi vipi, mzee?" Donatus akauliza.

Jibu lilikuwa kipande cha kamba mgongoni. Thobias hakuwa na jibu jingine. Alichokijua kilikaa ndani ya mkono wake, na mdomo wake ulikuwa haujawahi kukutana nacho.

Jioni ilikuwa zamu ya Bashiri. Alipiga kengele kutoka kwenye benchi, na Donatus alitakiwa kuitekeleza kabla sauti haijaisha. Akichelewa, kofi. Akisita kidogo kusikiliza kamba kama alivyofundishwa asubuhi, makofi mawili. "Kengele ni amri!" Bashiri alifoka. "Amri haipimwi uzito! Ukiambiwa vuta, unavuta!"

Basi Donatus alirudi nyumbani mgongo umechanika kwa somo moja na uso umevimba kwa jingine. Paskazia alimkanda kwa maji ya chumvi, kisha akanijia mimi.

"Kaka, watamuua mume wangu kwa kumfundisha."

"Hawezi kufa kwa makofi," nikamwambia.

"Basi atakuua wewe," akasema. "Usiku anashtuka usingizini na kushika hewa. Mkono mmoja unavuta, mwingine unasimamisha. Ukining'inia pale chini, utafuata mkono upi?"

Kuanzia siku hiyo nikawa nashuka nikiusikiliza mwendo wa ndoo, nijue nani amekalia kiti.

Wale walimu wawili walibishana kila walipokutana, na ubishi wao haukuwa wa kipumbavu, ndiyo maana ulikuwa mbaya. "Alama zangu mtu anazijua kwa wiki moja," Bashiri alisema. "Anaweza kwenda nazo Musoma, aende nazo hata Ulaya, winchi yoyote anaikalia. Hicho kiganja chako kinajua winchi hii moja, na ukifa wewe tunakizika."

"Alama zako zinajua uzito?" Thobias akamuuliza. "Zinajua kama ndoo imeinama? Waya ukikatika na mawe, utampigia nani simu, Burma?"

Wiki ya tatu Thobias alimrushia spana. Bashiri akainama, akaja na ngumi, jino la Thobias likaangukia kwenye kopo la grisi. Nyapara wetu, Mageni, aliwatenganisha kwa mpini wa sururu, naye hakuchagua wa kumpiga. Donatus alikuwa kasimama pembeni, damu ya mwalimu mmoja imemrukia shatini, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayeulizwa ampende baba au mama.

Sasa niseme la Ijumaa ile.

Chini tulikuwa wawili, mimi na Zamoyoni. Zamoyoni alikuwa mtu wa Tabora, mchekeshaji, na mkewe Mwahija ndiye aliyekuwa akitupikia sote maharage. Tulikuwa na desturi moja, na kila mtu wa shimo aliiheshimu. Kabla ya kuwasha, tunapiga kengele nne. Dereva anainua ndoo mpaka magotini petu, anaishusha tena. Huko tulikuita kuitikia. Ndoo ikishaitikia, maana yake aliyeko juu yuko tayari, mkono kwenye breki, na hatoki kwenye kiti hata nyumba yake ikiwaka moto. Bila ndoo kuitikia hakuna aliyegusa kiberiti.

Tukapiga nne. Ndoo ikapanda taratibu, ikashuka kwa upole. Mkono wa Thobias, tuliutambua.

"Mzee yuko mwenyewe leo," Zamoyoni akasema, akachekelea, akawasha.

Kilichotokea juu nilikuja kukisikia kwa Donatus. Thobias alipokwisha kuitikia, Bashiri aliingia na kusema ndoo imechelewa, kengele nne zilikuwa zimekwisha lia zamani, na kwamba meneja ameamuru leo akae mwanafunzi. Akamkamata Thobias kwenye kola na kumng'oa kitini. Wakaangushana kwenye vumbi la makaa, mmoja akimkaba mwingine, tambi zikiwaka chini yetu. Bashiri akapiga kelele, "Donatus, kaa!" Donatus akakaa. Angefanya nini?

Tulipokwisha rukia ndani ya ndoo, Zamoyoni akavuta waya mara tatu. Ndoo ikanyanyuka kwa pupa, ikayumba, na ukingo wake ukanasa chini ya boriti iliyoshikilia ukuta wa shimo. Ikainama. Nilishika mnyororo. Zamoyoni akavuta tena mara tatu.

"Vuta! Kengele imesema vuta!" Bashiri alifoka kutoka sakafuni.

"Acha! Kamba imekaza, mpumbavu wee, acha!" Thobias akafoka naye.

Donatus akavuta, akaacha. Akavuta, akaacha. Moshi wa tambi ukatupanda usoni. Mtu yeyote aliyewahi kunasua ndoo kisimani anajua la kufanya: unairudisha chini kidogo, inajinyoosha, ndipo unavuta. Kiganja cha Thobias kilikuwa kikifanya hivyo bila mwenyewe kujua, kwa hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Na kwa Bashiri, kwenda chini wakati kengele inasema juu lilikuwa kosa la kofi. Somo hilo halikuwa la asubuhi wala la jioni.

Mwisho Donatus akafumba macho, akavuta kwa nguvu zote za mashine. Boriti ikapasuka. Ndoo ikageuka ubavu, na Zamoyoni akamwagika kama maji. Mkono wangu wa kushoto ulibanwa kati ya chuma na mti; vidole vilibaki kwenye boriti. Nilimsikia Zamoyoni akianguka, nikamsikia akiniita jina, halafu mwamba ukalipuka.

Nilitolewa juu nikiwa na mawe ndani ya nyama ya mapaja. Sitaeleza tulichokizika kwa jina la Zamoyoni. Kilitosha ndani ya shuka moja, na shuka halikuwa kubwa.

Bwana meneja akaondoka kwenda Mwanza kutoa taarifa ya kifo. Kabla hajapanda gari alimwambia nyapara Mageni kwamba kazi itaendelea Jumatatu, na dereva ni Donatus kwa kuwa hakuna mwingine. Ndivyo tulivyoambiwa, watu tuliokuwa bado na udongo wa kaburi miguuni.

Jumapili tulikaa matangani nyumbani kwa Mwahija, wanaume nje kwenye mikeka, yeye ndani kwenye eda. Donatus alijificha nyuma ya nyumba, hakula. Thobias na Bashiri walikuja kuhani. Hilo ningewashukuru. Lakini hawakumaliza hata kikombe cha kahawa.

"Angeitii kengele mara moja tu, marehemu angekuwa hai," Bashiri akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu.

"Angeisikia kamba," Thobias akasema. "Nilimwambia aisikie kamba. Ulimharibu wewe."

"Nilimharibu mimi? Nilimkuta hajui moja wala mbili!"

Sauti ya Mwahija ikatoka dirishani, imekauka. "Jamani, mume wangu hajapoa. Waondoeni watu hawa mlangoni kwangu."

Damu ilinichemka mpaka nikaacha kuusikia mkono. Nilisimama na kumpiga Bashiri ngumi ya kulia iliyomlaza kwenye sinia la vikombe. Thobias alipogeuka nikampiga teke la tumbo. Wenzangu hawakuuliza nimepatwa na nini. Walikuwa wakingoja mtu wa kuanza. Tuliwaburuta wote wawili kwa miguu, soksi ndefu za Bashiri zikimvuka kwenye kokoto, Thobias akamng'ata Mageni sikio na kuondoka na kipande. Mageni akamgonga kichwa ukutani, akafuta damu, akasema, "Twendeni shimoni. Wakamfundishe Donatus vizuri."

Boila ilikuwa na moto, maana pampu ya maji haikupumzika hata Jumapili. Tukawatupa ndani ya ndoo. Bashiri alijaribu kuruka nje, akapigwa mpini wa sururu kwenye vidole akarudi ndani. Donatus aliletwa, akakaa chini mbele ya kiti cha winchi na kukataa kupanda.

"Siwezi," alisema. "Niueni mimi. Siigusi tena."

Paskazia alikuwa amekuja mbio nyuma yetu, kanga imemvuka kichwani. Nilidhani atatusihi tumwache mumewe. Alinitazama mimi, nikiwa nimekwisha tia mguu mmoja ndooni.

"Kaka, na wewe unaingia?"

"Kesho nitaingia tu," nikasema. "Bora leo, niwe na hawa."

Akamgeukia mumewe. "Umemsikia shemeji yako. Kalia kiti, Baba Esta. Mtu wangu yuko ndani ya ndoo hiyo."

Donatus akapanda. Mkono mmoja akauweka kwenye breki. Mwingine, kwa mara ya kwanza, aliunyoosha mpaka ukagusa waya wa kengele pale ulipopita juu ya kichwa chake.

Tukashuka. Shimo lilinuka baruti na kitu kingine ambacho nilikataa kukifikiria. Chini nilijaza kijiti kimoja cha baruti kwenye tundu lililosalia, nikaweka utambi. Bashiri alianza kulia waziwazi. Thobias alinitukana kwa Kizinza, kisha akanitukana kwa Kiswahili ili nielewe.

Nikapiga nne. Tulingoja. Ndoo ikapanda, ikafika magotini, ikashuka. Ilishuka kwa kugugumia, si kwa mkono wa Thobias, lakini ilishuka. Nikawasha, nikaruka ndani, nikamwambia Bashiri, "Haya, mwalimu. Piga tatu."

Askari wa Keya, mpiga simu wa Burma, akaushika waya kwa mikono miwili na kuuvuta, akauvuta tena, akaendelea kuuvuta bila kuhesabu. Zikatoka kengele za kichaa, si tatu, si nne, si kitu chochote kilichoandikwa mlangoni. Thobias naye akaikumbatia kamba na kuitikisa kwa mwili mzima, kana kwamba angeweza kujipitisha humo mpaka juu. Sasa hapo hapakuwa na alama, wala hapakuwa na kamba ya kusikilizwa. Fujo yao ilikuwa imeziua zote mbili.

"Donatus!" Bashiri akalia. "Achana na kengele! Sikia uzito! Sikia kamba, ndugu yangu!"

"Kengele!" Thobias akapiga kelele sikioni mwangu. "Kamba inamdanganya! Mpigie kengele Donatus, mwana wa mbwa wee, mpigie tatu!"

Nilimpiga Bashiri kiwiko cha pua, akaachia waya. Nilimpiga Thobias kichwa, akaiachia kamba. Kamba ikatulia. Nikavuta tatu, kwa mkono wangu uliobaki.

Ndoo ikanyanyuka. Lakini wale wawili walikuwa wameiyumbisha, na tulipofika palepale, kwenye boriti mpya waliyoweka Jumamosi, ukingo ukanasa. Ndoo ikainama. Thobias aliniangukia begani, nikahisi suruali yake imelowa. Bashiri alianza kutoa shahada na kuirudia mwanzo kila alipokosea. Moshi ukatufikia. Nilimsikia Zamoyoni akiniita, nawaapia, nilimsikia.

Winchi ikasimama. Nilingoja ile pupa, mwili mzima ukiwa umekazana kwenye mnyororo.

Ndoo ikashuka. Ilishuka kidogo tu, kuelekea kwenye utambi, kinyume cha kengele yangu, na Thobias akapiga yowe la mtu anayechinjwa. Ukingo ukatoka chini ya boriti. Ndoo ikajinyoosha, ikatulia, halafu ikapanda, haraka, moja kwa moja, bila kuyumba. Tulikuwa karibu na mwanga wakati mwamba ulipolipuka, na kokoto zikagonga chuma chini ya nyayo zetu.

Mageni na wenzake walitutoa. Bashiri alitambaa mpaka kwenye nyasi akatapika. Thobias, uso mzima damu, alijikokota mpaka kwenye kiti cha winchi na kushika goti la Donatus.

"Nani alikufundisha kurudi chini?" aliuliza. "Mimi sikukufundisha."

"Wala mimi," Bashiri akasema kutoka kwenye nyasi.

Donatus hakuwatazama. Mkono mmoja ulikuwa bado kwenye breki, wa pili kwenye waya, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Zamoyoni," akasema. "Alinifundisha Ijumaa."

Nikakaa chini palepale kwenye makaa, nikalia mbele ya shemeji yangu bila aibu.